Shuka la Mama Linakwaruza

Sogea, mtoto, sogea. Hadithi hii ni fupi, maana hata msimuliaji amechoka.

Zamda aliishi Lushoto na mama yake na bibi yake. Mama alikuwa muuguzi. Usiku kucha alihudumia wagonjwa. Asubuhi ndipo aliporudi kulala.

"Nimechoka, mwanangu," alisema Mama. "Nimechoka hoi!"

Kitandani palikuwa na shuka jipya la kitani. Lilikuwa jeupe na zuri, lakini gumu! Mama akageuka huku, kwaru! Akageuka kule, kwaru! Usingizi ukakimbia.

Zamda alimwonea Mama huruma. "Bibi, shuka hili baya. Tulitupe!"

"Ala! Utupe kitani?" Bibi alishangaa. "Kitani hulainika kidogo kidogo, mjukuu wangu. Tulifue, tulivute. Bandubandu huisha gogo."

Mama alipoinuka kitandani, wakalifua. Chubwi, chubwi, chubwi! Zamda akalikamua kwa nguvu zake zote.

"Usilikamue!" Bibi alisema. Wapi! Shuka lilikuwa limeshajikunja, makunyanzi matupu. "Sasa linafanana na uso wangu," Bibi akasema.

Wakalichovya tena majini, wakaliacha lichuruzike. Kabla halijakauka, Zamda akashika ncha hii, Bibi akashika ncha ile.

"Vuta, Bibi, vuta!"
"Vuta, Zamda, vuta!"

Bibi akavuta. Zamda akaanguka, pu!

Asubuhi Mama akarudi. "Nimechoka hoi!" Akageuka huku, kwaru. Hakulala.

Wakafua tena. Chubwi, chubwi, chubwi!

"Vuta, Bibi, vuta!"
"Vuta, Zamda, vuta!"

Asubuhi, kwaru. Mama hakulala. Macho yake yalikuwa mekundu.

Zamda akataka kulia. "Mikono inauma, Bibi. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka," Bibi akasema. "Shika ncha yako."

Wakafua. Wakavuta. Siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata tena.

Asubuhi moja Mama akarudi. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka..."

Akajilaza. Akageuka huku. Kimya. Akageuka kule. Kimya.

"Mama," Zamda akanong'ona, "linakwaruza?"

Mama alikuwa amelala fofofo, na kiatu kimoja mguuni.

Zamda akakivua kiatu. Akapanda kitandani taratibu. Shuka lilikuwa laini! Akafumba macho, naye akalala.

Jua lilikuwa linachungulia dirishani. Bibi akashika pazia. Akavuta, polepole, akaenda kujinyoosha na yeye.