Kadi za Bluu za Novemba

Kila asubuhi ya wiki ile ya kusafisha shule, kabla wazazi hawajafika na ndoo zao za rangi, Mwalimu Glaiza alipitia kadi za ratiba ya mwaka mzima alizobandika ukutani. Njano ni kundi linalosoma na mwalimu, bluu la kompyuta, kijani la wanaojisomea wenyewe. Dakika ishirini, kisha wanabadilishana. Watoto thelathini na wawili wa darasa la saba, ambao bado wanasoma kwa kuburuta kidole.

Leo alirudia kusoma safu moja mara mbili. Kadi za bluu, ambazo Renante, mpenzi wake anayefundisha naye chumba hiki, alikuwa amezijaza jana, zilikuwa na jina la Renante mpaka Oktoba tu. Kuanzia Novemba limeandikwa jina la Perla, mwalimu wa hesabu.

Mwaka jana walimu watatu wa shule ile walipata kazi Dubai, na hakuna aliyeaga mapema. Glaiza alimpigia Renante simu papo hapo.

"Uko wapi?"

"Sokoni, langga, mpenzi wangu, nanunua brashi. Nikuletee ndizi za kukaanga?"

"Unakwenda Dubai?"

"Nani kakwambia?"

"Kadi zako. Oktoba, basi. Na mimi je? Na watoto, ndiyo kwanza wamekuzoea?"

Pikipiki ilipita upande wa pili.

"Hayo si ya kwenye simu, Glaiza. Nakuja."

Glaiza alikata simu. Asingekuwa anaondoka, angesema tu hapana.

Renante alipoingia, shati la manjano limemganda mgongoni, akina mama wanne walikuwa wameshaanza kupaka ukuta rangi.

"Mwalimu, umemfanya nini mwenzio?" Tiya Nening, mmoja wa akina mama hao, alimtania. "Tangu tufike kanuna kama kanyimwa chakula!"

Renante alimgeukia Glaiza. "Unaijua kanuni ya mkuu wetu? Mume na mke hawafundishi chumba kimoja."

"Naijua. Inatuhusu nini?"

Brashi zote nne zilisimama.

"Likizo ya mwisho wa Oktoba wazazi wangu walikuwa waje kwenu, na chakula, kukuposa kwa baba yako. Nikaona, tukishaoana, watoto wasije wakaachwa katikati ya mwaka bila mtu. Nikamwomba Perla achukue nafasi yangu."

Glaiza alimkodolea macho. "Perla anajua? Wazazi wako wanajua?"

"Na dada yangu."

"Wote wanajua isipokuwa bibi harusi!"

"Nilikuwa naogopa," Renante alisema, akitazama viatu vyake. "Kupanga ratiba naweza. Kukuuliza ndiko kulinishinda."

Machozi yalimtoka Glaiza pamoja na kicheko. Yeye ambaye hata kwenye kikao cha walimu husemea tumboni, safari hii sauti yake ilifika mpaka barazani.

"Basi niulize sasa, mbele ya hawa mashahidi."

Renante aliweka brashi chini, akamtazama.

"Glaiza, nakupenda. Utakubali nikuoe?"