Kava la Mlango wa Dereva

Fundi Luqmani alikwisha kutoa skrubu zote saba, akang'oa mpini wa kioo na kitasa cha ndani, akavipanga juu ya kitambaa, na kava la mlango wa dereva bado halikutoka. Kava lililokaza hulia, huinuka kona moja, humpa fundi tamaa. Hili lilitulia tu. Akaliwekea kiganja, akalikuta la baridi, ilhali ni saa tano asubuhi na jua la Ndagoni lilikwisha kulichemsha lori zima.

Akamwambia Sudi, mwenye lori, kwamba plastiki imeshikana na kutu ya chumvi, basi. Sudi alirudi nyuma hatua moja. Mwanamume wa miaka thelathini na ushei, baba wa watoto watatu, na alikwisha kukiri mbele ya mama yake kwamba analiogopa gari. Tangu alifufue mwaka huu, ndani ya mlango ule mlikuwa mnagongwa. Mwanzo alidhani ni klipu imelegea. Kisha ikaja harufu ya marashi ya mawaridi. Kisha, wiki iliyopita, mlango ukamfungia ndani tangu adhuhuri hadi alasiri, kioo hakishuki, upande wa pili haufunguki, anapiga honi huku anatafuta pumzi. Na kesho ilimpasa kupeleka nazi Kilindoni. Kazi nyingine hana.

Lori hilohilo ndilo lililomwua baba yake. Miaka tisa nyuma, Mzee Shamte alirudi kinyumenyume pwani kupakia nazi, gurudumu likazama mchangani, lori likalala ubavu, maji ya bamvua yakajaa. Watu waliuvuta mlango wa dereva kwa nje mpaka kitasa kikawabaki mkononi. Luqmani alikuwamo. Alivuta kuliko wote, vidole vikamtoka damu, na kijiji kinamsifu kwa hilo hadi leo.

Ndiyo maana hakutaka kuja. Alisingizia mgongo, akasingizia arusi ya mpwa wake, mpaka Bi Safia, mjane wa marehemu, akamwendea nyumbani.

"Kava hilo ulilifunga wewe, shemeji," alimwambia. "Lifungue wewe."

Utamkataaje? Mtu wewe ni muadhini, rafiki yako umemwosha kwa mikono yako mwenyewe siku ya kumzika, mkewe anakuja kukuomba jambo dogo kama hilo!

Basi akalowesha tambara kwa maji ya moto, akalilaza juu ya plastiki ilainike isije ikapasuka, akapenyeza kisu cha mezani pembeni. Klipu zikaachia moja moja. Alizisikia zikidondoka mle ndani. Ya mwisho ilipotoka akavuta. Kava nalo likamvuta yeye. Kisu kikazama hadi kwenye mpini, polepole, kama kilichopokewa na mtu wa upande wa pili, na kabla hajakiachia akasikia mlango ukigongwa mara tatu kwa adabu, kama abishavyo mgeni anayeomba kuingia, kisha harufu ya mawaridi ikamjaa puani na kooni mpaka akaionja, na katikati ya harufu ile sauti ya upole, iliyo karibu na sikio lake kuliko pumzi yake mwenyewe, ikamwuliza:

"Una udhu?"

Sudi na mama yake walisikia kugonga. Swali hawakulisikia.

Luqmani alikwenda nyuma ya lori akaketi mchangani. Swali lile aliwahi kuulizwa. Mwaka Shamte aliponunua lori, Maalim Haruni alimwandikia kinga juu ya kitambaa cheupe, akaikabidhi kwa ruhani, jini Muislamu, mtaratibu, asiyetaka kwa mtu kitu ila usafi. Kinga ya gari huwekwa nyuma ya kava, mahali mkono wa abiria haufiki, kwa hiyo lazima aiweke fundi. Maalim akamwuliza Luqmani mbele ya watu kama ana udhu. Udhu! Alikuwa na janaba. Alikuwa ameamkia kitandani kwa mkewe, usingizi ukampitia, akaja kazini mbio bila kuoga. Angesema tu, ngojeni nikaoge. Robo saa. Lakini wanaume wamekaa pale wanamtazama, wangemcheka, wangemwita bwana harusi mwezi mzima. Akaona haya. Akasema, "Ninao," akaishika kinga kwa mikono ile, akaifungia ndani na skrubu saba. Na tangu siku ya bamvua ile alijua, moyoni mwake, ni nini kilichokuwa kimeushika mlango kwa ndani.

Alirudi na kumkuta Maalim Haruni, aliyeitwa na Bi Safia, amekwisha kufika, mzee sasa, anaongozwa kwa mkono. Maalim alifukiza ubani, akasoma, akaliwekea kava sikio kwa muda mrefu mno.

"Hataki ubani wala halua," alisema. "Anataka ukweli. Anasema mwenye nao yuko hapa."

Luqmani alitazama chini. Bado, jamani, bado alinyamaza! Aliwaza jinsi watakavyomtazama msikitini, akanyamaza.

Sudi ndiye aliyejitokeza. Alidhani kosa ni lake, kwamba amelifufua gari la marehemu bila kumsomea dua. Akapanda akaketi kitini aombe radhi. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, bila mtu kuugusa, na kwa ndani hapakuwa na kitasa wala mpini wa kioo, maana Luqmani alivitoa mwenyewe na vilikuwa pale kwenye kitambaa. Bi Safia akaukamata mlango kwa nje akavuta, na Luqmani naye akavuta pamoja naye, bega kwa bega, na kupitia kiooni wakamwona Sudi akifumba na kufumbua mdomo, akikohoa, na maji yakimtoka mdomoni na puani, maji ya chumvi yenye mchanga, yakimlowesha shati, ndani ya gari kavu lililosimama juani chini ya minazi, na Bi Safia akaanza kuita, si jina la mwanawe, bali jina la mumewe.

"Nilikuwa na janaba," Luqmani akasema.

Maalim akamwambia apaze sauti.

"Nilikuwa na janaba! Niliishika kinga ya Shamte nikiwa na uchafu, nikakudanganya, Maalim, nikawadanganya wote. Niliona haya kuchekwa!"

Mlango ukafunguka. Sudi akaangukia mchangani, hai, akikohoa. Kava likateleza lenyewe likaegemea kanyagio, na nyuma yake kitambaa kilikuwa cheupe, kikavu, fundo halijaguswa. Harufu ya mawaridi ikawapita, ikaenda. Maalim akasema ruhani amekwenda, hatarudi, alhamdulillahi. Hakumtazama Luqmani aliposema hayo.

Bi Safia alimfuta mwanawe uso kwa upindo wa kanga. Alipomaliza akasimama.

"Miaka tisa," alisema, "nimejiambia ni kudra ya Mungu. Kila nilipolia, nilitubu kwa kosa la kulia."

Luqmani alitaka kupiga magoti, akaona aibu hata kufanya hivyo. Alitamani atukanwe. Alitamani achapwe kofi mbele ya kijiji kizima.

Bi Safia akaufunga mlango wa lori, kisha akashika kitasa cha nje kwa kidole kimoja. Ukafunguka, mwepesi, haikulia hata bawaba. Akaufunga. Akaufungua. Akaufunga tena, akaufungua tena, haraka haijamshika, hamtazami mtu, na kila unapofunguka anachungulia kiti cha dereva. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Luqmani alisimama palepale na bisibisi mkononi, akimsubiri amwambie aende zake, na Bi Safia hakumwambia.