Chini ya Mkeka wa Gari Letu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, naishi Malangali, hapa Sumbawanga. Wasomaji wenzangu, mpaka leo nikisikia gari likishuka mlima naacha kazi nikamtafute mwanangu. Someni, kisha mniambie kama hofu yangu ni ya kijinga.

Mume wangu, Baba Oliva, alirithi gari la marehemu baba yake. Lilikuwa kuukuu, lakini jamani, alivyolipenda! Ubovu wake ulikuwa sakafu. Kutu ilikuwa imeila hata ukikaa kiti cha mbele unaona changarawe zikikimbia chini ya miguu yako.

Nani asiyejua taabu ya miaka hii? Sukari foleni, sabuni foleni... sembuse bati nene la kutengenezea gari! Tulihangaika mpaka binamu yake mume wangu, dereva wa lori, akatuletea bati moja la kijani kutoka Mbeya. Zito hilo! Likakaa uani kwangu miezi mingi tukingoja gesi ya kuchomelea ifike mjini. Nikawa naanikia maharage juu yake. Siku moja binti yetu Oliva akachukua msumari akalichora kuku, tena kuku wa miguu mitatu. Nilimchapa, maskini.

Gesi ilipofika, bati na kazi tukampa Deusi. Huyu hakuwa fundi tu, alikuwa mshenga wetu. Ndiye aliyeleta posa nyumbani kwetu Kasense, ndiye aliyetusuluhisha kila tulipogombana. Kwetu sisi, ukimvunjia heshima mshenga umeivunjia heshima ndoa yako.

Gari lilirudi sakafu imepakwa lami nyeusi, juu katandika mkeka mpya. Nikainama niufunue nione kazi. Baba Oliva akanidaka mkono.

“We mwanamke, mshenga anakaguliwa? Akisikia, nitauficha wapi uso wangu?”

Nikauacha. Mungu wangu, kwa nini niliuacha?

Jumapili baada ya misa tukaondoka kwenda Milepa kumwona mama mkwe. Deusi alitufuata nyuma na pikapu yake, naye alikuwa anakwenda kuchukua mpunga wa ndugu yake huko bondeni. Oliva alisimama nyuma ya kiti cha baba yake, amekishika, anaimba nyimbo za shule.

Wanaoijua njia ya kushuka kutoka Ufipa kwenda bondeni wananielewa. Upande huu mlima, upande ule... hakuna kitu! Tulipoanza kushuka nikaona vumbi linapenya kwenye mkeka. Nikamwambia mume wangu. Akasema linatoka dirishani.

Mara nikasikia kitu kinachanika. Baba Oliva alikuwa amekanyaga breki, na badala ya gari kusimama, kiti chake kikarudi nyuma! Kadiri alivyokanyaga ndivyo kiti kilivyozidi kuichana sakafu na kuzama, mpaka mguu wake ukaiacha breki kabisa. Akabaki ananing'inia kwenye usukani.

“Mama Oliva, breki ya mkono! Vuta! Vuta!”

Nilivuta kwa mikono yote miwili huku nikipiga mayowe. Nilijua tunakufa. Gari likayumba, likajigonga ubavuni mwa mlima, likasimama.

Oliva hakuwa anaimba tena...

Kiti kilikuwa kimemwangukia, na mguu wake umepenya kwenye tundu. Hapo ndipo nilipoona tulichotandikiwa: debe la mafuta ya kula, limepasuliwa, likanyooshwa, likapakwa lami! Lilikuwa limechanika kama karatasi, na kingo zake zimemshika mwanangu.

Deusi alifika mbio, analia kwa sauti. Akatusaidia kumtoa, akatupakia kwenye pikapu, akageuza kurudi hospitali mjini. Baba Oliva alikaa naye mbele. Mimi nilikaa chini nyuma, nimempakata mtoto, mguu nimeufunga kwa khanga yangu.

Gari liliruka shimo, gunia lililokuwa miguuni pangu likasogea. Chini yake bati la kijani, limechomelewa imara pande zote. Na pale pembeni... kuku wa miguu mitatu!

Ningesema nini? Usukani ulikuwa mikononi mwake, korongo liko pembeni yetu, na gari jingine hakuna. Nilimsikia mume wangu kule mbele, “Asante ndugu yangu, Mungu akubariki.” Niliogopa nikifungua mdomo atatushusha pale pale, mwanangu afe barabarani. Nikanyamaza njia nzima, miguu yangu juu ya bati letu.

Hospitali waliukata mguu chini ya goti.

Deusi alikuja na wazee kuomba radhi. “Shemeji, nilidhani debe litavumilia mpaka nipate bati jingine. Pikapu yangu inabeba watu.” Inabeba watu! Na letu lilibeba nini, kuni? Baba Oliva amemsamehe kwa sababu ni mshenga. Mimi bado. Nikikutana naye njiani navuka upande wa pili.

Ndugu zangu, nawasihi, funueni mkeka! Awe mshenga, awe kaka wa tumbo moja, kagua kazi yake mbele ya macho yake. Akinuna, mwache anune. Mtu aliyenuna utamwomba radhi kesho yake, lakini mguu wa mtoto utaurudisha kwa radhi gani?

Juzi Oliva kachora kuku tena, ukutani kwangu, kwa mkaa. Safari hii kampa mguu mmoja. Sikumchapa.