Mgongo wa Mama

Kila Jumapili asubuhi Yerin na mama yake walikuwa wakienda kwenye bafu la umma la mtaani kwao, mjini Jeonju. Yerin alimsugua mama mgongo mpaka ukawa mwekundu, na wakitoka mama alimnunulia maziwa ya ndizi. Kisha ikaja saratani. Titi la kushoto la mama likaondolewa, na baadaye daktari akamtengenezea jingine kwa nyama iliyotolewa mgongoni mwake mwenyewe. Mwaka mzima kapu la sabuni halikushuka rafuni.

Jumapili hiyo mama alilishusha. "Yerin, twende bafuni. Mwenzio mgongo unaniwasha."

Yerin alimkumbuka Minseo, wa darasani kwao, ambaye naye huenda kuoga huko. Angemkodolea mama macho. "Limefungwa, Mama," alisema haraka. "Bomba limepasuka."

"Aa. Basi." Mama alilirudisha kapu, akaenda kuosha vyombo.

Adhuhuri Shangazi Okja, anayesugua watu pale bafuni, alibisha hodi na bakuli la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. "Nyinyi vipi? Nawangoja tangu asubuhi, maji yanatokota!"

Yerin alitamani ardhi immeze. Mama hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua," alisema taratibu. "Nikiosha vyombo nauona moshi wa bafu hapa dirishani."

"Mbona hukunigombeza?"

"Nikugombeze nini? Nilidhani umeniona natisha." Machozi yalimtiririka mama, akayaacha.

Yerin alimkumbatia akilia kwa kwikwi. "Niliogopa watakucheka, Mama. Nisamehe."

Walienda alasiri ile ile. Minseo alikuwepo, alitazama kidogo, akaendelea kuosha nywele zake. Yerin alianza kusugua, na mkono ukasita kwenye kovu refu.

"Unaumia, Mama?"

"Hapo sisikii kitu, mwanangu. Wala hapa mbele. Daktari alinirudishia umbo, hisia hakuweza."

Yerin aliweka chini kitambaa cha kusugulia. Shangazi Okja akainama karibu yake. "Sikiliza, binti. Siku nyingine ukiona haya, sema unaona haya. Mama yako angekuelewa. Ulipomdanganya, ulimwacha peke yake na mawazo mabaya."

"Ndiyo, Shangazi."

Alishika tena kitambaa. Kwenye kovu alikipitisha polepole. Pembeni yake, ambako mama alikuwa bado anasikia, alisugua kwa nguvu zake zote.