Tundu la Bafuni

Maji ya kuogea hayakushuka. Lilikuwa jambo dogo mno, hata Sindano akaona haya kulitaja. Alijimwagia kata mbili tu, maji yakamsimama miguuni, ya uvuguvugu, yakinuka kama mdomo wa mtu aliyelala na njaa.

"Tundu limezibwa makusudi," mama mtunza nyumba ya wageni walikofikia kisiwani aliwaambia. "Ogeni nje, kwenye pipa. Humo msiguse."

Laiti angemwambia mtu mwingine! Mume wa Sindano alikuwa fundi bomba mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano; hata mkewe alimwita Fundi.

"Mimi nioge nje kama bata, eti bomba limeziba?" Fundi alicheka. "Dada, hunijui."

Siku tatu hizo kisiwani zilikuwa mapumziko yao ya kwanza tangu waoane. Siku ya kwanza ilikuwa tamu kweli. Waliona popo wenye nyuso za mbwa wakining'inia mchana kweupe, kenge akiota jua katikati ya njia, na kaa wakubwa kama sinia wakipanda minazi. Fundi aliwapiga picha wote, akamwigiza kenge anavyotembea, mkewe akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Miaka mingapi hajamwona mumewe hivi? Sindano alimtaka mtu huyu arudi naye nyumbani, si yule wa kuingia usiku na kulala na viatu.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alikuta kaa wamejipanga nje ya bafu. Hawali, hawagombani, macho yote ukutani. Ndani, Fundi alikuwa amelala kifudifudi, mkono umezama tunduni hadi begani.

"Njoo uone uchafu wa watu!"

Alikuwa ameshatoa matambara. Sasa alitoa nywele, pima kwa pima, za kijivu, zimegandana kwa ute na sabuni iliyooza, na ndani yake kucha, na magego, na kitu laini kama kikope.

"Fundi, iache! Nakuomba!"

"Kazi haiachwi nusu." Mikono ikamteleza. Basi akafanya lile afanyalo kila siku na utepe wa kuzungushia mabomba: akaubana ule mshipi wa nywele kwa meno ili ashike upya.

Nywele zikaingia. Hazikusubiri kumezwa, zilijivuta zenyewe kooni kama tambi, na Fundi akikabwa, akitapatapa, mpaka ncha ya mwisho ikapotea kati ya midomo yake, naye akainuka, akatabasamu, akatoka nje, akamshika kaa, akampasua kwa vidole na kumfyonza mbichi, utumbo wa kijani ukimchuruzika hadi kifuani, na kaa wengine wakisogea kungoja zamu, na kenge akaja taratibu kumlamba kidevu.

Sindano akakimbia kumwita mtunza nyumba.

"Kile cha tunduni kimemwingia?" mama yule alinong'ona.

"Kimemwingia, dada. Nifanyeje?"

"Kivute wewe, mkewe, mimi atanitafuna. Usikate, usiachie. Kitakulilia, usikisikilize. Kikitoka kirudishe tunduni haraka, nizibe. La sivyo kesho kitapanda boti pamoja nanyi."

Walimkuta amekaa juu ya maganda ya kaa. Alipomwona mkewe akafungua mdomo mwenyewe, kama mtoto anayelishwa. Sindano akatia vidole ndani ya ule uvundo, akapapasa nyuma ya ulimi, akashika, akavuta. Nywele zilitoka za moto, zikimpaka ute hadi viwikoni, akizikanyaga chini zisirudi, akivuta na kutapika na kuvuta tena, mpaka kikaja kizito, kikakwama kooni, kikaanza kusema.

"Mke wangu, unaniumiza. Ni mimi. Usinitoe humu, nakusihi."

Ilikuwa sauti ya Fundi, ile ile.

"Usisikilize!" mtunza nyumba alinong'ona.

Akavuta. Kikaanguka sakafuni, kidonge cha nyama mbichi cha ukubwa wa ngumi, hakina macho, kina mdomo tu. Akakiburuta bafuni, akakisukumia tunduni kwa kisigino, nacho kikilia kwa sauti ya mumewe, kikimtaja mama mkwe wake, kikitaja kovu la pajani mwa Sindano alijualo Fundi peke yake, mpaka mtunza nyumba akakigongelea matambara juu na kikanyamaza.

Kesho yake wakapanda boti. Fundi alikuwa ameoga, safi, mpole, amemshika mkono. Hakuwa amesema neno tangu jana. Koo litakuwa limechubuka, Sindano alijiambia.

"Niite jina langu basi," alimbembeleza, machozi yakimlenga. "Hata mara moja."

Kisiwa kilikuwa kimeshabaki mbali. Mumewe akamgeukia, akafikiri kidogo, kisha akamwuliza kwa upole, kwa sauti ambayo Sindano hajapata kuisikia maishani mwake:

"Unaitwa nani?"