Mhadhara wa Simu Mbili

Mhadhiri alitamka "dozi" kwenye simu ya Bilan, na dozi nyingine ikaitika nyuma ya majora ya vitambaa.

Bilan aligeuka. Soko la Garissa lilikuwa limefurika, watu na barakoa zao kidevuni. Korona ilikuwa imefunga chuo chao cha famasia Nairobi, na kwa kuwa nyumbani, mtaa wa Iftin, mtandao ulisumbua, alisomea dukani kwa mama yake mdogo, Ebla. Nyuma ya majora alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, amekuja kumnunulia mamake dera.

"Nawe uko darasani?" Bilan aliuliza.

"Niko. Abdihafid, wa Ijara. Wewe ndiye Bilan wa maswali?"

"Na wewe ndiye usiyewasha kamera!"

"Nikiwasha, mtandao unakufa. Sura hii ni nzito, abaayo," alisema, akimwita dada kwa Kisomali.

Bilan alicheka hadi akarekebisha mtandio wake wa zambarau. Ebla akawaruhusu wasomee hapo, mbele ya macho yake. Kabla mwezi haujaisha Abdihafid alikuwa akimwita "macaan," yaani mtamu, naye Bilan akijifanya hajasikia, ili aitwe tena.

Kazi yao ya pamoja ilitokana na wazo la Bilan: kuhifadhi insulini katika joto la Garissa, kwa vyungu viwili na mchanga wenye maji katikati. Alipima mwenyewe, asubuhi na adhuhuri, akapata chungu cha ndani kimepoa vizuri.

Siku ya kuwasilisha, Abdihafid alikuwa kwao Ijara, akisaidia ng'ombe wa babake. Bilan alianza kwa sauti ya kujiamini, kisha mtandao ukakatika. Aliporudi, alimkuta Abdihafid akimalizia maelezo aliyoyaanza yeye, na mhadhiri akisema, "Hongera sana, Abdihafid!"

Alizima simu, machozi yakimlenga. Abdihafid alipopiga, hakupokea. Akapiga tena, akapiga tena.

"Pokea umtukane basi," Ebla alimwambia. "Kununa kunakuchosha wewe."

Hakupokea.

Darasa lililofuata, mhadhiri alianza hivi: "Bilan yupo? Abdihafid amenipigia simu. Anasema utafiti ni wako, na hataki alama mpaka usikike. Karibu."

Alisogea mlangoni mwa duka, penye mtandao imara, akaeleza yote: vyungu, mchanga, vipimo, na bibi yake mwenye kisukari asiye na friji. Kisha makofi yakapasua spika ya simu, na mwenzao mmoja akapaza sauti, "Huyo ni wa Garissa!" Wachuuzi wa jirani nao wakapiga makofi bila kujua ni ya nini. Ebla alilia waziwazi.

Bilan alimpigia Abdihafid. Ng'ombe walisikika wakilia.

"Nisamehe," alisema. "Nilidhani umeninyang'anya."

"Ungengoja kidogo tu, ungesikia nikitaja jina lako. Nilishika pale ulipoachia, kazi yetu isianguke."

"Na leo umenisikia?"

"Nilikuwa juu ya tangi la maji, nikitafuta mtandao. Wallahi nilijivunia wewe mpaka nikakaribia kuanguka." Akashusha sauti. "Macaan, niwatume wazee kwenu?"

Bilan alimtazama Ebla, ambaye alijifanya anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Waje," alisema. "Lakini wajue mapema, wanakuja kumposa mfamasia."