Mchanga wa Mgodi Haujibu Upesi

Mwaka 1992 Mukalay alikuwa analima mboga Kolwezi, chini ya rundo la mchanga uliobaki baada ya shaba kutolewa. Mgodi ulikuwa umeanguka, kazi nyingi zimekwisha. Bustani ndiyo iliyowalisha wanawe wanne, akataka kuipanua hadi miguuni pa rundo.

Jirani yake, Mama Ntumba, alikuwa mpimaji katika maabara ya mgodi. Alizaliwa Kolwezi, ila baba yake alitoka Kasai, mkoa mwingine. Alimwomba Mukalay asipande kwanza. Akatia mchanga wa rundo katika chupa iliyotobolewa kitako, akamwagia maji ya mvua, akakinga yaliyotoka. Akachovya karatasi ya buluu ya kupimia asidi. Haikubadilika.

Mukalay akafurahi. Mama Ntumba akatikisa kichwa.

"Tata Mukalay, haiko leo njo tutajua. Mu ile mucanga muko salfa. Ikipata mvula na mupepo, mupole mupole inageuka asidi. Tumwange maji kila posho, tuache ikauke, tupime tena. Karatasi ikikuwa nyekundu, usipande hapa."

Basi kila posho, yaani kila wiki, siku ya Jumamosi, walipima. Wiki sita, karatasi ilibaki buluu. Wiki ya saba, vijana wenye fimbo walipita mtaani wakiwafukuza watu wa asili ya Kasai, wakisema mkoa huu si wao. Mama Ntumba na wanawe wakakimbilia stesheni kungoja treni.

Mukalay aliwapelekea maji ya kunywa.

"Usiache kupima," Mama Ntumba alimwambia.

Vijana wa fimbo waliosimama pale wakamtazama Mukalay. Akainamisha macho, akaondoka bila kuaga. Nyumbani akaitupa chupa, asiulizwe ni ya nani. Kisha akapanda.

Mvua zilipokolea, maji yaliyotoka chini ya rundo yalikuwa na rangi ya kutu. Lengalenga, mchicha wake, zikaungua majani, zikafa zote. Watoto wakashinda na njaa.

Mukalay akatengeneza chupa nyingine, akaomba karatasi kwa Omer, mpimaji aliyebaki maabara. Wiki ya kumi na moja ya chupa hiyo karatasi ikawa nyekundu. Akawaonyesha majirani. Wakachimba mfereji wa kuyageuza maji ya rundo, wakahamisha bustani upande wa juu. Maji ya huko waliyapima kwanza.

Mwaka uliofuata lengalenga zilistawi, watoto wakashiba. Majirani wakamuuliza nani alimfundisha kupima.

"Mama Ntumba," alisema. "Na siku ile ku gare, mi sikumuaga."

Majirani wakashika majembe, wakarudi kulima. Wengi wao walikuwapo stesheni siku ile, nao hawakumuaga.